Habari ya Blogu, na Nani Ashike Ufunguo



Mwezi uliopita zilitufikia barua tatu za vijana, moja ya Nakapanya, moja ya Nalasi, na ya tatu kutoka Namtumbo, zote zikiuliza jambo moja: blogu ni kitu gani, hufunguliwaje, na katika mahali pengi panapotajwa ni papi panapofaa. Barua ya nne ilitoka kwa mzazi mmoja, naye hakuuliza, bali alitulaumu. Alisema ya kuwa mwalimu wa chuo hana haja na mambo ya intaneti, na afadhali tungewaambia watoto wazime simu walale mapema. Tutamjibu mzazi kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, na jibu lake si refu.

Mwaka 1930, huko Mombasa, Shehe Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi yake aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Alikuwa mwanachuoni, naye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hakuona aibu kushika chombo kilichokuwa kipya katika zama zake, wala hakungoja mpaka apewe gazeti na wakubwa. Makala zake zikakusanywa katika kitabu cha Uwongozi, na watu wazisoma hata leo, ilhali yeye amefariki tangu 1947. Basi mzee wetu, lau kijana wa leo ataka kuandika, sisi hatuwezi kumwambia asiandike. Tulilo nalo ni kumwonya aangalie aandikapo ni wapi. Ama kulala mapema, hilo tunakubaliana nawe kabisa.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Mabaharia wa Kizungu walikuwa na daftari la chomboni, ambalo nahodha huandika kila siku upepo ulivyokuwa, maji yalivyokuwa, na yaliyowapata njiani. Mwaka 1997 Mmarekani mmoja, Jorn Barger, alilichukua jina la daftari hilo akaliunga na neno la mtandao, na wenzake wakalikata hata likawa blogu. Kwa hiyo blogu ni daftari lililo wazi mbele ya watu wote. Mwenyewe huandika habari moja baada ya nyingine, kila moja ina tarehe yake, na iliyo mpya hukaa juu. Zile za nyuma hazipotei. Msomaji aweza kuzirudia hata baada ya miaka kumi, kwa kuwa kila habari ina anwani yake peke yake.

Hapo ndipo blogu ilipotengana na Facebook na WhatsApp, ambazo vijana wetu wengi hudhani ni kitu kimoja nayo. Mambo ya WhatsApp ni kama maji ya mto Muhuwesi wakati wa masika: yanapita kwa wingi, na ukitaka kuyatafuta ya juzi, yamekwisha fika Ruvuma. Mtu aliyeandika maneno mazuri katika kundi mwezi wa Rajabu hawezi kumwonyesha mgeni mwezi wa Shaabani bila ya kuhangaika na kidole.

Katika lugha yetu jambo hili si geni. Ndesanjo Macha ni miongoni mwa waliotangulia kabisa kuandika blogu kwa Kiswahili, na yake aliiita Jikomboe. Kisha Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha aliyejulikana kwa kazi yake katika gazeti la Daily News, akafungua ya kwake mwezi wa Septemba 2005 akiwa safarini Helsinki, katika nchi ya Finland. Wakati ule Watanzania waliokuwa nje walikuwa wakiamka na kuifungua blogu ya Michuzi kabla ya chai, wapate kuona picha za nyumbani: harusi, misiba, mvua ya Dar es Salaam. Tuangalie jambo moja: ilianza katika anwani ya bure, iliyoishia kwa blogspot.com, mahali ambapo hata mwanafunzi asiye na senti aweza kufungua. Kwa hiyo wasemao kwamba bila fedha nyingi hapana blogu, hawakusema kweli.

Tungaliweza kuendelea kutaja mahali pa bure na pa kulipia, tukamaliza. Lakini yatupasa kwanza kuwaeleza yaliyotupata sisi wenyewe, maana tusiposema, tutakuwa twawapa vijana ushauri wa mtu asiyepata kuungua.

Mwaka 2017 vijana wa chuo chetu walikuja na shauri jema. Walitaka kuwaendea wazee wa vijiji, wawasikilize, wayaandike wayasemayo: habari za koo, za vyuo vya zamani, za safari za miguu kwenda pwani, za simba waliokuwa wakila watu katika miaka ya 1980, na za watu waliomiminika kutafuta vito katika miaka ya 1990. Tukafurahi. Mmoja wao, aliyekuwa mjuzi kuliko wenzake, akafungua blogu mahali pa bure kwa simu yake, kwa barua pepe yake, na kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la binamu yake. Sisi hatukuuliza neno. Tulidhani ufunguo ni jambo la vijana, kama vile kuchaji simu.

Kwa muda wa miaka miwili waliandika habari arobaini na ushei. Nyingi zilikuwa nzuri, na wazee wawili kati ya waliosimulia wamekwisha tangulia mbele ya haki. Lakini habari moja ilieleza asili ya familia ya kijiji fulani, ambacho hatukitaji, na humo mkiwa na maneno ya kwamba babu wa familia hiyo alivushwa Ruvuma akiwa mtu wa kununuliwa. Kijana aliyeyaandika aliyasikia kwa mzee mmoja tu, na mzee huyo, kama tulivyojua baadaye, alikuwa na ugomvi wa shamba la mikorosho na familia ile ile. Kijana hakuuliza wa pili. Sisi hatukusoma kabla ya kutangazwa. Kosa ni letu mara mbili.

Habari hiyo ikakaa kimya. Mwaka 2021 binti wa familia hiyo akaposwa. Watu wa upande wa pili, wakitaka kujua wanakooa, wakaandika jina la ukoo katika simu, na kitu cha kwanza kilichowatokea ni maneno yetu. Mjomba wa binti akatujia baada ya sala ya isha, simu mkononi. Hakupaza sauti. Alisema, "Maalim, haya yametoka chuoni kwako. Sisi twakuletea watoto wetu kusoma." Tukamwambia ya kuwa sisi hatuoni aibu katika asili ya mtu yeyote, bali aibu ni kusema tusilolijua, na kwamba kesho yake asubuhi maneno yale yatafutwa.

Hayakufutwa kesho yake. Kijana mwenye ufunguo alikuwa Dar es Salaam, na nywila ameisahau. Tukamwambia aombe mpya. Akaomba, na mtambo ukajibu kwamba umetuma namba ya siri katika simu yake. Simu ipi? Ile laini ya binamu. Na laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini tarehe 20 Januari 2020. Binamu hakuwa amepata namba ya kitambulisho cha taifa, laini ikazimwa, na baada ya muda namba ile ikauzwa kwa mtu mwingine. Tukaipiga. Akapokea mama mmoja wa Mwanza. Tukamwamkia, tukamweleza kwa adabu ya kuwa ataona namba ya tarakimu sita, naye tafadhali atusomee. Mama yule akatuambia kwamba amekwisha kutanabahi matapeli wa namba yetu, akakata. Hatumlaumu, na nyinyi wasomaji mkipigiwa simu ya namna ile, fanyeni kama yeye.

Tukaandika kwa wenye mahali penyewe, ng'ambo. Tukajibiwa na mashine. Tukaandika tena, mashine ikajibu maneno yale yale. Hata leo habari ile ipo, na yeyote aitafutaye aiona. Posa haikuvunjika, alhamdulillahi, lakini ilichelewa miezi mitatu, nasi tukasimama mbele ya wazee wa pande zote mbili tukakiri kwa kinywa chetu kwamba tulitangaza tusilolichungua.

Basi kijana wa Nakapanya alituuliza mahali papi ni pazuri kwa rangi na mapambo. Mwanetu, mapambo yaweke nyuma. Uliza kwanza: ufunguo utakaa kwa nani?

Blogu ya chuo, au ya msikiti, au ya kikundi cha wanawake, isifunguliwe kwa barua pepe ya mtu mmoja. Ifunguliwe barua pepe ya chuo chenyewe, na namba ya simu iliyosajiliwa kwa mtu mzima atakayekuwapo, si kwa kijana anayekwenda kidato cha tano Songea. Kisha waandikishwe wasimamizi wawili au watatu. Blogger, ambayo ni mali ya Google tangu 2003, yaruhusu jambo hili bila malipo. Na WordPress kadhalika. Nywila iandikwe katika daftari la chuo, lifungiwe kabatini pamoja na hati. Wajuzi wa mjini watacheka wakisikia nywila imeandikwa kwa wino. Na wacheke. Kabati letu halijapata kuibiwa, bali vichwa vyetu husahau kila siku. Tena kuna zile namba za akiba ambazo Google humpa mwenye akaunti ili aingie siku simu yake imepotea; nazo zichapwe ziwekwe hapo hapo. Lau tungekuwa nazo mwaka 2021, tusingemsumbua mama wa Mwanza.

La pili ni mlango wa kutokea. Mahali pa bure ni nyumba ya mtu, nawe ni mgeni. Mwenye nyumba akiamua kuibomoa, hakuulizi. GeoCities, ambapo mamilioni ya watu duniani walikuwa wameweka kurasa zao, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009. Posterous ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikafungwa. Google yenyewe ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti isiyotumika kwa muda wa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Kwa hiyo usiingie mahali kabla ya kuona utatokaje. Blogger na WordPress zote mbili zina sehemu ya kupakua nakala ya maandishi yote kwa mara moja, na nakala ya Blogger yaweza kuingizwa katika WordPress. Ifanyeni kazi hiyo kila mwezi muandamapo, muiweke katika kifaa kingine mbali na simu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe, ndugu, ni mali.

Picha hazina wepesi huo. Nyingine hubaki nyuma. Ziwekwe asili zake nyumbani.

Sasa tuseme machache juu ya mahali penyewe. Blogger ilianza mwaka 1999. Ni nyepesi, ni ya bure, haihitaji ufundi, na haitii matangazo ya biashara katika ukurasa wako ila wewe mwenyewe umeomba. Upungufu wake ni kwamba mapambo yake ni machache, na Google haishughuliki nayo sana kama zamani. WordPress yataka maelezo, maana watu huchanganya vitu viwili. Kuna programu ya WordPress, iliyotolewa mwaka 2003, ambayo ni bure kwa kila mtu, lakini lazima ukodi seva ya kuiweka, na uitunze, na kuipa marekebisho kila yatokapo. Asiyeitunza huvamiwa na wahalifu wa mtandao, hata siku moja akafungua ukurasa wa chuo akakuta tangazo la kamari. Na kuna WordPress.com, iliyoanza 2005, ambako kampuni ya Automattic yakutunzia kila kitu. Huko pia pana nafasi ya bure, lakini kampuni huweka matangazo yake ndani ya kurasa zako, wala si wewe uyachaguaye. Kwa nyumba ya Kiislamu jambo hili si dogo. Mtu ameandika juu ya kutawadha, na chini yake msomaji aonyeshwa jambo ambalo mwandishi asingelikubali ukutani kwake. Mwenye kulipa ada ya mwaka huondolewa matangazo hayo.

Medium na nyingine za namna yake tumezipitia, hatukuona sababu ya kumpeleka huko mwanafunzi wa Tunduru.

Kwa hiyo shauri letu kwa anayeanza, asiye na fedha, ni Blogger. Na mwenye fedha kidogo, tungemwambia kabla ya kulipia mapambo alipie jina. Jina la anwani linaloishia kwa .tz hukodiwa kwa mwaka kupitia kwa mawakala walioidhinishwa: .co.tz ni kwa wafanya biashara, .or.tz ni kwa jumuiya zisizo za biashara, .me.tz ni kwa mtu binafsi. Faida yake kubwa ni hii: jina lako laweza kuelekezwa Blogger leo, na kesho ukihama likaelekezwa kwingine, wasomaji wasijue hata kama umehama. Ni kama mtu aliye na sanduku lake la posta. Ahame mtaa mara saba, barua zake zitamfikia. Lakini jina nalo liandikishwe kwa jumuiya, si kwa fundi aliyelinunua. Tumeona mahali fundi ameondoka na jina, na wenyewe wakatakiwa walinunue upya.

Tusisahau wasomaji ni nani. Wengi wao husoma kwa simu ndogo, kwa bando la siku moja, na huku kwetu kuna vijiji ambako mtu hupanda kichuguu apate mtandao. Ukurasa wenye picha ishirini kubwa na nyimbo zinazojipiga zenyewe humla mtu bando kabla hajasoma bismillahi. Maneno hayana uzito. Picha moja yatosha.

Kuna sheria, na hapa tunaomba kusikilizwa, kwa sababu kijana wa Namtumbo ameandika kwamba ataka "kutangaza habari zote za wilaya". Mwaka 2018 Serikali ilitoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Kanuni hizo zilimtaka mwenye blogu kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na ada yake ilikuwa shilingi milioni moja, mbali na shilingi laki moja ya maombi. Adhabu ya kukosa ilikuwa faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi kumi na miwili, au vyote viwili. Mwezi wa Juni mwaka ule blogu nyingi zikazimwa, na hata JamiiForums ikasimama kwa muda. Shilingi milioni moja! Kuna walimu wa vyuo ambao hawazishiki kwa mwaka mzima. Sisi hatukuona haki kumtoza ada moja mwenye kampuni na kijana mwenye daftari. Kanuni zikaandikwa upya mwaka 2020, na mwaka 2022 zikarekebishwa. Kwa hiyo asitoke mtu akaogopa kwa habari za 2018, wala asitoke akajiamini kwa maneno ya rafiki yake. Kabla ya kufungua, na hasa kama nia ni kutangaza habari za matukio na siasa, aulize TCRA wenyewe, aeleze atakaloliandika, na jibu alipate kwa maandishi.

Iko na sheria ya pili, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wazazi wengi hawajaisikia. Picha ya mtoto, jina lake, afya yake, ni taarifa zake, si mali ya mwalimu. Sisi tulikuwa tukipiga picha za maulidi, wasichana kwa wavulana, na kuzitupa mtandaoni bila kumwuliza mtu. Tumeacha. Picha ya mtoto haiwekwi mpaka mzazi amekubali, na mzazi akisema iondoshwe, yaondoshwa siku hiyo hiyo. Na ili iondoshwe siku hiyo hiyo, twarudi pale pale: lazima ufunguo uwepo.

Tangu mwaka jana vijana wetu wamefungua blogu mpya. Wasimamizi ni watatu: sisi, mwalimu wa kike wa darasa la wasichana, na kijana mmoja aliye na duka mjini, asiye na dalili ya kuhama. Habari ya mzee haitangazwi mpaka imesikiwa kwa watu wawili wasio wa nyumba moja, na ikasomwa kwa sauti mbele ya wanaotajwa. Kazi inakwenda polepole. Kwa mwaka mzima zimetoka habari tisa tu. Ya kwanza kabisa tuliyoitangaza ni ya familia ile, kama walivyoisimulia wao wenyewe, pamoja na kukiri kwetu juu. Vijana wanatuambia kwamba mtu akitafuta jina la ukoo sasa hivi, ile ya zamani hutokea kwanza, na yetu mpya ni ya tatu. Mjomba wa binti huitazama kila Ijumaa baada ya sala, hutuonyesha kidole kwa mbali: viwili, au vitatu. Ijumaa iliyopita vilikuwa vitatu.

Vijana waliotuandikia, tumewarudishia barua zenu kwa posta pamoja na majina ya mawakala wa .tz tunaowajua. Mwezi ujao, inshaallah, tutaeleza namna ya kumsikiliza mzee na kuandika asemayo bila kumtia maneno kinywani.